Ndama wa Yeroboamu

Ndama wa Yeroboamu ni sanamu mbili za dhahabu zilizosimamishwa Betheli na Dani na Yeroboamu mwana wa Nebati, mfalme wa kwanza wa ufalme wa kaskazini wa Israeli, muda mfupi baada ya kifo cha Sulemani, yapata mwaka 930 KK. Habari zake zimo katika 1 Wafalme 12. Kosa hilo ndilo kipimo ambacho Vitabu vya Wafalme vinawahukumia karibu wafalme wote wa kaskazini waliofuata.

Yeroboamu hakuwa wa nyumba ya Daudi. Alikuwa Mwefraimu, msimamizi wa watu wa shokoa wa Sulemani, aliyekimbilia Misri baada ya nabii Ahiya kurarua vazi jipya vipande 12 na kumpa 10. Makabila ya kaskazini yalipomkataa Rehoboamu mwana wa Sulemani, Yeroboamu alipata ufalme, lakini hekalu likabaki Yerusalemu kwa mpinzani wake. Aliogopa kwamba watu wakizidi kupanda huko kutoa dhabihu, watamrudia Rehoboamu na yeye mwenyewe watamuua. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Kwa hiyo aliwaweka ndama mahali pawili. Betheli, mahali palipoheshimiwa tangu ndoto ya Yakobo, ilikuwa kwenye njia ya mahujaji wa kaskazini. Dani ilikuwa mbali, karibu na mlima Hermoni. Aliongeza makuhani wasio Walawi na sikukuu ya siku ya 15 ya mwezi wa 8, mwezi mzima baada ya ile ya Yuda.

Je, alihamia kwa mungu mwingine? Masimulizi yenyewe yanasema aliwatambulisha ndama kuwa ndio waliowatoa Israeli Misri, karibu kwa maneno yaleyale yaliyosemwa juu ya ndama wa Haruni pale Sinai. Wataalamu wengi huona kwamba ndama alikuwa kama kiti cha Mungu asiyeonekana, sawa na makerubi wa Yerusalemu. Hata hivyo fahali alikuwa pia alama ya Baali, mungu wa Wakanaani, na mtu wa kawaida aliyefika Betheli na mbuzi wake huenda hakuona tofauti yoyote.

Waandishi wa Wafalme waliiona tofauti hiyo, lakini hawakuikubali kuwa udhuru. Mfalme Yehu wa Israeli aliwaua waabudu wa Baali na kuligeuza hekalu lao la Samaria kuwa choo. Bado analaumiwa, kwa kuwa hakuwaondoa ndama. Mfalme Zimri alitawala siku 7 tu huko Tirza, akajichoma moto ndani ya jumba la kifalme alipozingirwa, na hata yeye anashtakiwa kwa kuifuata njia ya Yeroboamu. Ni vigumu kufikiria alipata wapi nafasi ya kuifuata. Hukumu hizi zimeandikwa kwa macho ya Yerusalemu, na huko kosa la kwanza lilikuwa kuwa na madhabahu mahali pengine.

Jambo la ajabu ni kwamba nabii Eliya, adui mkubwa wa Baali, hasimuliwi kuwataja ndama hata mara moja. Aliyewashambulia ni nabii Hosea, katika karne ya 8 KK, akiwadhihaki wanaobusu kazi ya fundi. Wakati huohuo kuhani Amazia alimfukuza nabii Amosi Betheli, akisema hapo ni patakatifu pa mfalme. Amazia alikuwa anajitetea, lakini alikiri kazi halisi ya mahali pale.

Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru yapata mwaka 722 KK, na 2 Wafalme 17 inaihesabu dhambi ya Yeroboamu miongoni mwa sababu. Karne moja baadaye mfalme Yosia wa Yuda alibomoa madhabahu ya Betheli na kuchoma juu yake mifupa iliyotolewa makaburini. Kule Dani, uchimbaji ulioanzishwa na Avraham Biran mwaka 1966 umefichua jukwaa kubwa la mawe na pembe ya madhabahu. Ndama mwenyewe hakupatikana. Kuhusu ndama wa Betheli, Hosea alikuwa ametabiri kwamba angepelekwa Ashuru kuwa kodi kwa mfalme.