Msimu Uliomponza Yangeyange

Biashara ya manyoya ya kofia, iliyoshamiri Marekani na Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, husimuliwa kama kisa cha anasa ya wanawake wa mijini na ukatili wa wawindaji. Vyote viwili vilikuwepo, lakini yangeyange mkubwa wa Florida aliponzwa zaidi na majira yake. Karibu mwaka mzima ndege huyu ni mweupe mtupu. Msimu wa kuzaliana ukiwadia, mgongoni humwota manyoya marefu, membamba kama nyuzi, na ngozi iliyo kati ya jicho na mdomo hugeuka kijani. Wakati huohuo yeye, ambaye mara nyingi huvua peke yake, hujenga kiota karibu na wenzake na hakiachi kwa urahisi hata bunduki ikilia. Kwa hiyo bidhaa ilikomaa wakati uleule mwenye nayo alipokuwa hawezi kukimbia, na kila mzazi aliyeuawa aliacha makinda wafe njaa. Kufikia 1903 wakia moja ya manyoya hayo ilifika dola 32, ilhali ya dhahabu haikuzidi 21.

Wafanyabiashara walijitetea kwamba manyoya yao huokotwa tu chini ya viota, hasa Venezuela. Kuokota kulikuwepo, lakini nyoya linalodondoka lenyewe limeshatumika msimu mzima, limechakaa na kuchafuka, na bei yake ilikuwa ya chini. Bei ya juu ililipwa kwa nyoya bichi, na hilo halipatikani bila kuua.

Hoja nzito zaidi ni kwamba ndege waliokolewa na mitindo, si sheria: nywele zikakatwa fupi, kofia pana zikakosa pa kukaa. Kwa Uingereza, iliyopiga marufuku uagizaji mwaka 1921, nakubali kwa kiasi fulani. Kwa Marekani tarehe zinakataa, kwani New York ilizuia uuzaji mwaka 1910, na serikali kuu ikafunga uagizaji mwaka 1913, kabla nywele fupi hazijaenea. Sheria ya Florida ya 1901, iliyolinda ndege wenyewe, ndiyo iliyoshindwa. Guy Bradley, mlinzi wa ndege huko Florida, aliuawa Julai 1905, na aliyempiga risasi hakufunguliwa mashtaka. Makundi ya viota yalitawanyika katika misitu mikubwa ya mikoko, na wiki chache zilimtosha mwindaji kumaliza kazi. Duka la New York, kinyume chake, lilikuwa na anwani, na mkaguzi angeweza kuingia mwezi wowote.