Habari Zilipokuwa na Mwisho

Jioni ya Ijumaa Kuu, tarehe 18 Aprili 1930, saa ya taarifa ya habari ilipofika, mtangazaji wa BBC jijini London aliwaambia wasikilizaji kwamba siku hiyo hakuna habari. Basi. Wakawekewa piano. Ukisimulia kisa hiki leo watu wanacheka, lakini mimi ninayekula kwa kuandika habari nakionea wivu. Palikuwa na mtu aliyeweza kusema: leo hatuna la kuwaambia.

Huku kwetu nako habari zilikuwa na saa zake, na kabla ya saa zilikuwa na mwezi wake. Mambo Leo, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa na serikali ya Waingereza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa likitoka mara moja kwa mwezi. Humo mlikuwa na habari za dunia, barua za wasomaji na mashairi; Shaaban Robert ni mmoja wa washairi waliotoka humo. Asiyejua kusoma alisomewa. Mtu alikuwa na takriban siku thelathini za kuzisoma kurasa zile, kuzibishia, na mwenye kipaji kuzijibu kwa beti.

Redio ilipokuja, mwezi ukawa saa. Waliokuwa nayo walikuwa wachache, hivyo majirani walikusanyika. Taarifa ikiisha redio inazimwa, maana betri ni ghali. Kuna waliozianika juani ili zijikongoje siku mbili tatu zaidi. Redio ikinyamaza, watu wanaanza kuongea. Mmoja anauliza, mwingine anapinga, mzee anakumbusha yaliyowahi kutokea. Habari ilieleweka pale, baada ya kwisha.

Tusijidanganye lakini. Mwisho ule ulikuwa na gharama yake. Tanzania Bara, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha redio kilikuwa cha serikali. Aliyetaka kusikia upande mwingine alihangaika na masafa mafupi. Aliyeamua habari ziishie wapi ndiye huyohuyo aliyeamua zipi zisianze kabisa. Huko sitaki turudi.

Sasa tuko ng'ambo ya pili. Mwaka 1980 CNN ilianza kutangaza habari saa 24. Mwaka 2006 Facebook ikaleta ukurasa unaomwaga mambo ya kila mtu mbele yako, na mwaka huohuo Aza Raskin, mbunifu wa Marekani, akabuni ukurasa usio na chini: unasogeza kidole, yanakuja mengine. Baadaye Raskin mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia. Mwaka 2019 WhatsApp ikaweka kikomo, ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya watu au magrupu matano kwa mkupuo. Hata wenye duka wameona bidhaa imezidi.

Tunachopoteza si muda na bando tu. Msiba wa watu waliozama haujapata hata "pole" yako, umeshafunikwa na kichekesho, na kichekesho kimefunikwa na ugomvi wa wanasiasa. Unajua yote, huna la kusema juu ya hata moja. Wale wa barazani walisikia machache, lakini walikuwa na la kusema.

Wazee wale hawakuwa na dunia tulivu kuliko yetu. Walipita njaa, ukoloni na vita. Walichokuwa nacho ni nafasi kati ya habari na habari. Nafasi hiyo siku hizi hakuna wa kutupa, labda tujikatie wenyewe. Mimi nasoma habari asubuhi na jioni, arifa za simu nimezizima, magrupu yamenyamazishwa. Kazini kwangu wananiona wa ajabu. Katikati ya saa hizo mbili nimepata tena kitu nilichokuwa nakikosa: kumaliza sura nzima ya kitabu, halafu kumpigia mtu simu tubishane juu yake.