Ramani Zilizotoka Vinywani: Jinsi Ukambani Ulivyoingia Katika Atlasi ya Dunia

Kwa karne nyingi ramani za dunia zilizochorwa Uarabuni na Ulaya ziliijua Afrika Mashariki kwa ufuo wake tu. Al-Idrisi, aliyekamilisha kazi yake kubwa huko Palermo mwaka 1154, aliandika habari za Malindi na Mombasa. Abraham Ortelius alipochapisha mjini Antwerp mwaka 1570 kitabu kinachohesabiwa kuwa atlasi ya kwanza ya kisasa, miji hiyo miwili ilikuwamo. Ndani ya bara, wachoraji walijaza milima, maziwa na falme walizozisoma katika vitabu vya kale, hasa vya Ptolemy. Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville alifanya jambo la uaminifu: alifuta yote yasiyokuwa na ushahidi, akaiacha sehemu kubwa ya bara nyeupe. Nchi ya Wakamba ilikuwa ndani ya weupe huo, pamoja na mahali panapoitwa leo Ndithini, wadi ya eneo bunge la Masinga, kaskazini mwa Kaunti ya Machakos.

Weupe wa karatasi haukuwa na maana kwamba nchi haikujulikana. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Viongozi wa misafara hiyo walijua kisima kipi hukauka lini, kilima kipi huonekana kutoka wapi, na ni mwendo wa siku ngapi kati ya maji na maji. Walikuwa na ramani kamili, ila haikuwa imeandikwa. Iliishi katika kumbukumbu na kupokezanwa kwa maneno, na ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa ramani zilizochapishwa baadaye Ulaya.

Wamisionari wa Kijerumani Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliokuwa na kituo Rabai nyuma ya Mombasa, ndio walioanza kuihamishia elimu hiyo kwenye karatasi. Rebmann alifikishwa Uchagani na kiongozi wake wa safari, Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei 1848 akauona Kilimanjaro ukiwa na theluji. Mwaka uliofuata Krapf alifika Kitui nyumbani kwa Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Kivoi alimweleza kwamba, mbali na mlima mweupe wa Uchagani, upo mwingine upande wa kaskazini. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka na Krapf akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta. Cooley hakuwahi kufika Afrika. Kivoi, ambaye hakuwahi kuona atlasi, ndiye aliyesema kweli.

Safari ya pili ya Krapf, mwaka 1851, iliishia vibaya. Msafara wa Kivoi uliokuwa ukielekea mto Tana ulishambuliwa karibu na mto huo, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Kiu ilimsukuma hadi mtoni. Akanywa, kisha akajaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki ili apate ya kunywa njiani. Mwandishi wa safari asiye na mwenyeji wa kumwongoza hakuwa na ramani yoyote ya kumsaidia, kwa sababu ramani yenyewe alikuwa Kivoi.

Mfano mkubwa zaidi wa ramani iliyotoka vinywani ni ile ya Jakob Erhardt, mwenzao Krapf na Rebmann. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa akiwahoji wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliokwenda bara. Waliopita njia ya kusini walimwambia kuwa mwisho wa safari wamekuta maji makubwa. Waliopita njia ya kati walisema vivyo hivyo, na wa njia ya kaskazini pia. Erhardt aliyaunganisha maji yote hayo akachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba, likijaza katikati ya Afrika. Ramani ilipochapishwa mwaka 1855 na 1856, wasomi wa London waliishangaa, wengine wakaicheka. Lakini ilitosha kulifanya Shirika la Kifalme la Jiografia liwatume Richard Burton na John Hanning Speke. Mwaka 1858 walifika Ziwa Tanganyika, na tarehe 3 Agosti mwaka huohuo Speke akaliona ziwa analolijua kila mtoto wa Kenya kwa jina la Victoria. Kusini zaidi kulikuwa na Nyasa. Wasafiri wa Tanga walikuwa wamesema kweli, kila mmoja kuhusu ziwa lake. Kosa lilifanywa na kalamu iliyoyaunganisha. Ni haki kuwahesabu wasafiri hao miongoni mwa waandishi wa jiografia ya Afrika, ingawa majina yao hayamo katika vitabu.

Miongo mitatu baadaye ramani iligeuka kuwa chombo cha utawala. Katika mapatano ya mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilichora mpaka kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukapita kaskazini ya Kilimanjaro, kisha ukaenda moja kwa moja hadi pale mstari wa digrii 1 kusini mwa Ikweta unapokutana na pwani ya mashariki ya Ziwa Victoria. Mwaka 1890 mpaka ukaendelezwa kuvuka ziwa kwa kuufuata mstari huohuo. Ndithini iko karibu na mstari huo wa digrii 1 kusini, na zaidi kidogo ya digrii 37 mashariki ya Greenwich. Hakuna mtu wa Ukambani aliyeulizwa lolote.

Ndani ya koloni, ramani iliwagusa Wakamba kupitia ardhi. Mipaka ya hifadhi ya Wakamba ilichorwa, na sehemu kubwa ya nyanda za Yatta ikahesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme. Malisho yakabana na udongo ukachoka. Serikali ilipoamua kupunguza mifugo kwa nguvu mwaka 1938, maelfu ya Wakamba walitembea hadi Nairobi kuandamana wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishwa Lamu. Baada ya uhuru, hasa kufuatia sheria ya mwaka 1968 ya kuamua umiliki wa ardhi, wapimaji walianza kupita kijiji kwa kijiji. Katika nyumba nyingi za Machakos, ramani ya kwanza ambayo mtu wa familia aliichunguza kwa makini haikuwa ya dunia bali ya shamba: nambari ya kiwanja, mstari wa mpaka, na bikoni iliyofukiwa pembeni.

Ramani ya dunia ilikuja na shule. Africa Inland Mission ilianza kazi Ukambani mwaka 1895, huko Nzaui, na shule ya serikali ya Machakos ilianzishwa mwaka 1915. Atlasi zilizotumiwa zilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya watoto wa Uingereza. Ukurasa wa visiwa vya Uingereza ulikuwa wa kwanza na wenye maelezo mengi, na Afrika ikapata kurasa chache za mwisho. Mtaalamu aliyeongoza ufundishaji wa jiografia huko Uingereza, Halford Mackinder, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kilele cha Mlima Kenya, tarehe 13 Septemba 1899, mwaka uleule alipokuwa akianzisha shule ya jiografia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwanafunzi wa Machakos alijua mito ya Uingereza kwa jina kabla ya kuonyeshwa kwenye karatasi mto Tana, ambao wazee wake waliuvuka kwa miguu.

Kulikuwa na darasa jingine nje ya shule. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wakamba wengi walikuwa katika King's African Rifles, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma. Gazeti la Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939, lilileta habari za vita kwa Kiswahili. Ceylon, India na Burma zikawa mahali ambapo ndugu alikuwa na barua yake ilitoka huko. Askari waliorudi walizijua bahari na bandari ambazo walimu wao wa zamani walizisoma tu vitabuni.

Upimaji wa kina wa Kenya nzima ulipata nguvu baada ya vita hivyo. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, na ndege za jeshi la anga zilizokuwa Eastleigh, Nairobi, zikapiga picha za nchi kutoka angani. Kutokana na picha hizo zikatolewa ramani za kipimo cha 1:50,000, ambamo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Kila karatasi inachukua eneo la takriban kilomita 28 kwa 28, na huonyesha mistari ya kontua, vijito, barabara, shule na hata visima. Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, ilitoa atlasi ya Kenya mwaka 1959, ikairudia mwaka 1962, na toleo la tatu likafuata mwaka 1970. Ramani za 1:50,000 ndizo zinazoletwa katika mtihani wa Jiografia wa KCSE, ambapo mtahiniwa hutakiwa kusoma gridi, kupima urefu wa barabara na kueleza umbo la nchi ambayo pengine hajawahi kuikanyaga.

Mtu akiweka matoleo tofauti ya atlasi ya Kenya kando kwa kando, eneo la Masinga ndilo linaloonyesha mabadiliko kwa uwazi zaidi. Katika toleo la 1959, Tana ni mstari mwembamba wa samawati bila ziwa lolote njiani. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Ziwa la Masinga peke yake, likijaa, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 120. Mashamba, njia na vivuko vilivyomo katika karatasi za zamani sasa viko chini ya maji, na karatasi hizo ni ushahidi wa jinsi bonde lilivyokuwa.

Majina na mipaka nayo yalibadilika. Ng'ambo ya mto Thika, Fort Hall ikawa Murang'a. Ziwa Rudolf likawa Turkana mwaka 1975. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992, na katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47 badala ya mikoa 8. Nje ya nchi, Muungano wa Sovieti ulivunjika mwaka 1991, Zaire ikarudi kuwa Kongo mwaka 1997, na Sudan Kusini ikapata uhuru mwaka 2011. Shule isiyoweza kununua atlasi mpya hufundisha kwa ya zamani, na mwalimu husahihisha kwa mdomo.

Umbo la dunia kwenye ukuta wa darasa lina tatizo la zamani zaidi. Ramani ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569 ilitengenezwa kwa mabaharia: inahifadhi pembe za dira, lakini inavimbisha nchi zilizo mbali na Ikweta. Greenland huonekana karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika, yenye kilomita za mraba milioni 30, ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Mwezi Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hiyo mashuleni na kutumia Equal Earth, iliyobuniwa mwaka 2018, inayotunza ukubwa halisi wa nchi. Uamuzi huo ulichelewa, lakini ni sahihi.

Mtaala wa sasa wa Mafunzo ya Jamii unaanza nyumbani: kaunti katika gredi ya 4, Kenya katika gredi ya 5, Afrika Mashariki katika gredi ya 6. Vifaa bado ni vichache, na walimu wengi nchini huchora ramani kwa rangi kwenye magunia yaliyopasuliwa na kutundikwa ukutani. Hata atlasi moja inatosha kwa zoezi ambalo Ndithini imebahatika kuwa nalo. Mwanafunzi aweke kidole kwenye mstari wa digrii 1 kusini na kuufuata kuelekea mashariki: kusini mwa Somalia, Bahari ya Hindi, Padang katika Sumatra, Borneo, Papua, Pasifiki yote, Manta katika Ekwado, msitu wa Amazon, Atlantiki, Gabon, misitu ya Kongo, kusini mwa Uganda, Ziwa Victoria, Narok, Thika, mpaka nyumbani. Atakuwa ameizunguka dunia bila kutoka katika ukanda wa Ikweta, na atauliza mwenyewe kwa nini Amazon ni msitu mnene na Masinga ni nchi kame.

Baada ya zoezi hilo la atlasi ya dunia, hatua inayofuata inahitaji karatasi ya 1:50,000 ya mahali penyewe, na hiyo ndiyo inayokosekana katika shule nyingi. Survey of Kenya huiuzia umma katika makao yake makuu Ruaraka, kando ya Barabara ya Thika, na bodi za shule za Masinga zinapaswa kuinunua.