Kabla Haijaitwa Pichi: Rangi ya Kuta Zetu Imetoka Mbali

Leo twende kwenye kuta. Hii rangi ya pichi, ile laini iliyokaa katikati ya pinki na chungwa kama imemwagiwa maziwa, imeingia kila kona. Saluni za Kirumba zipo nayo, mageto ya Nyegezi yapo nayo, mpaka sebule za Capri Point. Desemba 2023 kampuni ya Pantone ya Marekani, wale wanaotangaza rangi ya mwaka, waliipitisha pichi yao, Peach Fuzz, kuwa rangi ya 2024. Basi ikawa balaa. Kila anayepamba chumba anaongea utadhani pichi ilishuka na ndege pale uwanja wetu wa Mwanza.

Mimi nabisha. Rangi hii ilikuwepo kwenye kuta za huku kabla ya ndoo na kabla ya bati, ila tuliiita ushamba.

Jina kwanza. Kwenye kamusi za Kiswahili tunda hili ni fyulisi, na linalimwa huko kwenye baridi, Lushoto kwa mfano. Huku ziwani wengi tumeijua rangi kabla ya kulionja tunda, kwa hiyo tukachukua neno la dukani na maisha yakaendelea.

Sasa rangi yenyewe. Ukienda duka lenye mashine ya kuchanganya, ukaagiza pichi, jamaa anachukua ndoo nyeupe anadondoshea nyekundu kidogo na njano kidogo. Nyekundu na njano zinazotumika sana kwenye rangi za kuta ni oksidi ya chuma, yaani ukoo mmoja na kutu. Na hiyo hiyo ndiyo inayoupa udongo wetu wekundu. Yale mawe yetu makubwa ni ya graniti, na yakimomonyoka yanatoa ule udongo wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni, mweupe mweupe hivi. Changanya wa kichanga na mwekundu, siriba ukutani, acha jua lifanye kazi. Unachokiona hapo ni ukuta wa bibi yako.

Na msidhani wazee walikuwa wanasiriba tu basi. Mwaka 1953 Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtafiti wa mila kwenye serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alitoa kitabu kizima London kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka. Ni wale Bayeye wa Usukuma. Nyumba walimokuwa wanafundishwa wanachama wapya zilichorwa ndani: nyoka, watu, viumbe vya ajabu. Rangi zao zilikuwa nyeupe, nyeusi na nyekundu ya udongo. Yaani ukuta mmoja wa kuvutia macho, ule mnaoulipia hela ndefu siku hizi, huku ulikuwa na kazi ya kufundisha kabisa. Tatizo ni moja, nyumba ya udongo ikianguka na mchoro umekwenda. Wajukuu wengi hatujui hata kama vilikuwepo.

Mjini ilikuwa habari nyingine. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, reli ya kutoka Tabora ikafika 1928, maduka ya Wahindi yakajaa katikati ya mji. Chokaa ndiyo ikawa rangi ya wakubwa: boma, misheni, duka. Ukitaka kuonekana umetoka kwenye udongo, unapiga nyeupe. Halafu ikaja hela ya pamba. Vyama vya ushirika vya wakulima viliungana 1955 chini ya akina Paul Bomani, na mkulima aliyeuza vizuri alijenga nyumba ya pembe nne, akaweka bati na saruji. Msonge ukaanza kuonewa aibu. Operesheni ya vijiji ya 1974 ikahamisha watu, nyumba nyingi za zamani zikaachwa.

Ndani ya nyumba za mjini tukabaki na ule mtindo mnaoujua wote, chini rangi ya mafuta ya giza, juu krimu, kama zahanati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, nani angewaza pichi? Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka hiyo, rangi za nje zikarudi madukani na watu wakaanza kuchagua tena.

Kuna dada mmoja wa Nyegezi, jina tuliache. Kapiga geto lake pichi, kapost, watu wamempenda balaa. Mwezi uliofuata kaenda Magu kumsalimia bibi yake. Picha zote kapiga getini na kwenye mwembe, ukuta wa bibi hakuna. Nimeuona ule ukuta mimi. Ukiweka simu mbili pembeni huwezi kuzitofautisha rangi, ila mmoja una likes elfu na mwingine umefichwa. Hilo ndilo linaloniuma, wala simlaumu peke yake.

Haya, kwa mnaotaka kupaka wikiendi hii. Pichi inabadilika na mwanga. Taa nyeupe kali inaifanya ionekane imechoka, balbu ya njano inaifufua. Chumba chenye dirisha la magharibi, jioni jua likizama, ukuta unawaka wenyewe. Kwa sisi wa karibu na ziwa chukua silki inayofutika, maana wale wadudu wa ziwani wakifuata taa usiku, asubuhi ukuta unahitaji kitambaa. Pazia nyeupe au kijani cha majani makavu, mkeka wa ukindu chini, na usijaze vitu. Paka kwanza kipande kidogo mikono miwili, kiangalie asubuhi na usiku kabla hujanunua ndoo.

Na kama bibi yako bado ana nyumba ya kusiriba, omba kipande kikavu kilichodondoka chenye rangi uliyoipenda, umpelekee jamaa wa mashine akulinganishie. Ukipata, nitumie picha zote mbili, ya kwako na ya kwa bibi.