A2, A1, A0: masomo ya uuguzi na kazi zenye kufuata

Katika vijiji vingi vya Kivu, Ituri na Maniema, kila mutu mwenye kuvaa bluzi nyeupe anaitwa muganga ao dokta. Mugonjwa haulizi diplome. Lakini kwa kijana anayetaka kusoma uuguzi, na kwa muzazi mwenye kulipa, kujua tofauti ya diplome ni lazima. Ndiyo inaonyesha kazi gani ataweza kuomba, na masomo gani ataweza kuongeza kisha.

A2: njia ya sekondari

ITM ni shule za sekondari za afya. Zinasimamiwa na wizara ya afya, si wizara ya elimu sawa vile sekondari zingine. Mwanafunzi anaingia kisha kumaliza miaka 2 ya kwanza ya sekondari, anasoma miaka 4, na mwishoni anafanya mutihani ya taifa yenye watu wanaita juri. Akipita, anakuwa infirmie A2. ITM zingine ziko pia na sehemu ya wakunga.

A2 anaanza kazi akiwa angali kijana, na mikono yake imezoea wagonjwa. Wauguzi A2 ndio wanabeba vituo vingi vya afya kule mbali na barabara.

A1 na A0: masomo ya juu

A1 inasomewa kwenye ISTM, sawa zile za Goma, Bukavu ao Kisangani, ao kwenye universite zenye kuwa na sehemu hiyo. Si lazima kupita kwanza ITM: mwenye diplome ya serkali ya sekondari ingine anaweza kuingia pia. Lakini ajue kama mwenzake aliyetoka ITM amekwisha kugusa wagonjwa miaka mingi.

Hapa majina yanachanganya watu. Zamani, A1 ilikuwa gradua ya miaka 3, na A0 ilikuwa lisansi, ni kusema miaka 2 juu yake. Kwa mufumo mupya wa LMD, miaka 3 ya kwanza ndiyo inaitwa lisansi, na miaka 2 yenye kufuata ni master. Basi watu wawili wanaweza kuwa na lisansi, mumoja amesoma miaka 5, mwingine 3. Wakati wa kuomba kazi, ni vizuri kuandika wazi hesabu ya miaka na mufumo wenye ulisomea.

A1 anaweza kuongoza salle ya hospitali ao kuwa supervizeri kwenye biro ya zoni ya afya. A0 anaweza kufundisha ITM ao kusimamia wauguzi wote wa hospitali.

Kazi ya muuguzi mukubwa wa kituo

Mutu wanaita IT ndiye kichwa cha kituo cha afya. Asubuhi anapima wagonjwa akifuata ordinogramu, siku ingine ni wamama wenye mimba, siku ingine ni kupima uzito wa watoto na chanjo. Anahesabu dawa, anatuma ripoti ya kila mwezi kwenye zoni, anakutana na kamati ya wakaaji. Kwa hiyo, mwanafunzi asizarau somo la usimamizi na la kuandika ripoti kwa Kifaransa.

Hesabu pia haisamehe. Serumu ya mililita 500 ikipaswa kuisha kwa saa 4, na mililita 1 ni matone 20, ni matone 10.000 kwa dakika 240: karibu matone 42 kwa dakika. Akikosea na kuweka mara mbili, mutoto muchanga anaweza kufa. Hesabu ya namna hii inafanywa kila siku mupaka inaingia kichwani.

Kabla ya kulipa shule

Shule za afya zimekuwa nyingi, na si zote zinakubaliwa na serkali. Muzazi aombe kuona arete ya wizara yenye kuruhusu shule ile. Aulize tena: wanafunzi wanafanya staji wapi? Hospitali hiyo iko na wagonjwa wa kutosha? Wa mwaka uliopita walipata diplome zao kweli, ao wangali wanangojea?

Diplome si mushahara

Tangu sheria ya mwaka 2016 yenye kuunda Ordre ya wainfirmie, muuguzi anapaswa kujiandikisha pale mbele ya kufanya kazi. Kisha kunabakia matrikile, namba ya mutumishi wa serkali. Wauguzi wengi wanatumika miaka bila matrikile, na hata wenye kuwa nayo, si wote wanalipwa. Wanaishi na sehemu ndogo ya feza zenye wagonjwa wanalipa kwenye kituo. Familia ijue jambo hili mapema, ili isifikiri mutoto amekula mushahara wake mwenyewe.

Kazi za mashirika zinalipa vizuri zaidi, lakini ziko na mwisho. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, wauguzi wengi walipata mikataba. Ugonjwa ulipoisha, mikataba nayo ikaisha. Mwenye kuacha nafasi yake ya serkali kwa ajili ya mukataba wa miezi 6 aombe kwanza ruhusa kwa maandishi, ili akirudi asikute nafasi imepewa mwingine.

Kulinda makaratasi

Katika majimbo yetu, watu wanakimbia vita usiku na kuacha kila kitu. Diplome ikiungua, kupata ingine kunaomba safari, feza na miezi mingi. Muuguzi afanye kopi zenye muhuri za diplome, bulletin, cheti cha staji na karatasi ya Ordre. Seti moja iwekwe kwa ndugu wa muji mwingine. Apige pia picha za kila karatasi na kuzituma kwenye adresi yake ya barua pepe, kwa sababu simu nayo inaweza kuibiwa njiani.