Jinsi kemikali za sumu zinavyotoka udongoni hadi kwenye nafaka

Mwaka 2013 ilijulikana wazi kwamba mashamba karibu na mji wa Rastatt, kusini magharibi mwa Ujerumani, yamechafuliwa na kemikali za PFAS. Chanzo kinachotajwa ni mboji iliyochanganywa na mabaki ya viwanda vya karatasi, iliyomwagwa shambani kama mbolea. Tangu hapo mazao ya eneo hilo hupimwa kabla ya kuvunwa.

Je, kemikali hufikaje kwenye punje?

Kemikali zenye asili ya kaboni hazina tabia moja. DDT, kwa mfano, haipendi maji. Hung'ang'ania mboji na udongo wa mfinyanzi, ikadumu kwa miaka mingi, na hata inapovunjika huacha DDE, ambayo nayo ni sumu. Kwa kuwa haiyeyuki vizuri, ni kidogo tu inayopanda hadi kwenye suke. Hatari yake kubwa iko kwenye mazao ya mizizi, vumbi na mifugo inayolisha chini.

PFAS ni tofauti. Zile zenye molekuli ndefu hubaki zaidi udongoni na mizizini. Zile fupi huyeyuka, hufyonzwa na mizizi pamoja na maji na kupanda hadi majanini. Maji yanapotoka kama mvuke, kemikali hubaki. Ndiyo maana majani na mabua kwa kawaida huwa na kiasi kikubwa kuliko punje.

Nafaka nazo hutofautiana. Punje za mahindi hupokea kidogo sana, lakini ngano huweza kupokea zaidi. Kwa hiyo mkulima mwenye shamba lililochafuliwa anaweza kubadili zao badala ya kuliacha shamba. Hata hivyo, mabua yakilishwa ng'ombe, kemikali inaweza kurudi mezani kupitia maziwa na nyama.

Kupika hakusaidii, kwani PFAS hustahimili joto la jikoni. Kusafisha shamba zima ni gharama kubwa mno, na kemikali fupi huendelea kushuka hadi kwenye maji ya visima.

Kinga iliyo rahisi zaidi huja mapema: kabla ya kumwaga tope la maji taka au mabaki ya kiwanda shambani, mkulima aulize yametoka wapi, na kama yamepimwa. Mbolea huisha kwa msimu. Sumu hii hubaki hata kwa wajukuu.