Umeokoka? Swali la zamani, kutoka Mengo hadi Mbale



Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye matanga hapa Walukuba, Jinja. Mama mmoja wa kwetu Kongo alikuwa amefariki. Kaka mmoja akatoa rozari ili tusali. Dada mmoja akamuuliza, "Wewe umeokoka?" Akajibu, "Mimi ni Mkatoliki." Dada akasema, "Sikukuuliza dini." Basi, mambo yakaharibika palepale, na mwili wa marehemu bado uko ndani. Mpaka leo kwaya yetu haijafanya mazoezi. Hawa eti hawaimbi na watu wa sanamu, wale hawaimbi na watu wasiokuwa na Papa.

Mimi si padri wala pasta. Lakini ugomvi huu hatukuja nao kwenye lori kutoka Kongo. Tumeukuta hapa, na una umri mkubwa kuliko mji wa Mbale.

Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Wamisionari wa White Fathers wakafuata Februari 1879, Padri Siméon Lourdel akitangulia. Miezi michache tu, Lourdel na Alexander Mackay wa upande wa Waanglikana walikuwa wakibishana barazani mbele ya Kabaka, kila mmoja akisema mwenzake anafundisha uongo. Kiswahili kilikuwa moja ya lugha za baraza lile, kwa hiyo lugha yetu imehusika tangu mwanzo!

Walibishania nini? Mambo mawili. La kwanza, nani ana neno la mwisho. Mkatoliki anasema Biblia inasomwa ndani ya Kanisa, pamoja na mapokeo, maaskofu na Papa. Mprotestanti anasema Biblia iko juu ya askofu yeyote. Kumbuka Mtaguso wa Vatikani ulikuwa umetangaza mwaka 1870 kwamba Papa hakosei anapotamka rasmi fundisho la imani. Lourdel alikuja na jambo likiwa bado la moto. La pili, mtu anaokokaje: kwa imani peke yake, au kwa imani inayoishi katika sakramenti na matendo?

Baganda walisikiliza, wakawaita Wakatoliki Wafransa na Waprotestanti Wangereza. Ndipo teolojia ikageuka siasa. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo kwa bunduki, na Kapteni Lugard akawapa Waprotestanti ushindi kwa Maxim yake. Na hawa ni watu ambao miaka 6 tu nyuma ndugu zao walichomwa pamoja Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana kwenye moto mmoja, 3 Juni 1886. Mwanga hakuwauliza kuhusu Papa.

Sasa tuje huku kwetu mashariki, kwa mtu mmoja ambaye naona anatufaa kuliko wote: Semei Kakungulu. Jenerali Mganda, Mprotestanti. Ndiye aliyeuanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kuanzia 1906 mpaka 1913 Waingereza walimweka hapa Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga. Kwa hiyo miji yetu yote miwili imepita mikononi mwake.

Kakungulu alikuwa msomaji. Zamani zile kwa Kiganda "kusoma" kulimaanisha pia kusali, na Wakristo waliitwa wasomaji. Mkatoliki alifundishwa katekisimu miaka 4 kabla ya ubatizo, Mprotestanti alitakiwa aweze kusoma Injili. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika 1896, kazi ya George Pilkington, ambaye aliuawa mwaka uliofuata hukuhuku Busoga.

Basi Kakungulu akafanya kile alichoambiwa: akasoma mwenyewe. Aliporudi Mbale, amechoshwa na Waingereza waliomnyima cheo alichotaka, akaingia kwa wafuasi wa Malaki Musajjakawa, waliokuwa wakikataa dawa za hospitali kwa sababu ya walivyoelewa Maandiko. Lakini hakuishia hapo. Akaona Biblia inaagiza tohara na Sabato, mbona hatuzishiki? Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jamii ya Abayudaya. Alifariki 1928. Jamii hiyo ipo mpaka leo, sinagogi yao iko Nabugoye, nje kidogo ya Mbale.

Mkatoliki atacheka: "Unaona, kila mtu na Biblia yake!" Ngoja kwanza. Kakungulu alikataa pia mamlaka ya watu waliochanganya dini na utawala wa kikoloni, na hapo simlaumu. Lakini Mprotestanti naye ana swali la kujibu: kama neno la mwisho ni la msomaji, nani angemwambia Kakungulu kwamba amekosea?

Waprotestanti wenyewe walikutana na swali hilo tena. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulianza kuenea Rwanda na Uganda kuanzia miaka ya 1930. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Kianglikana cha Mukono walifukuzwa, akiwemo William Nagenda, kwa kugombana na wakubwa wao kuhusu dhambi na wokovu. Kwa hiyo lile "umeokoka?" la matangani liliwahi kuulizwa Waanglikana kabla halijatufikia sisi.

Kuhusu wokovu, ukweli ni kwamba umbali umepungua. Mtaguso wa Trento wenyewe, mwaka 1547, ulikataa kwamba mtu anaweza kujiokoa kwa matendo yake bila neema. Mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani, si kwa kustahili kwetu. Mwaka 2016 Waanglikana wakaunga mkono kiini chake. Suala la Papa ndilo limebaki palepale, na sioni likiisha kesho.

Dada wa matangani, najua unasoma hapa. Kaka naye pia. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa, mahali pale pale, na familia ya marehemu imeomba tuimbe kwenye siku ya arobaini.